Fungate ya Tembe: Mpe Siku Saba Kabla ya Kushika Ufagio



Mambo ya udi, hina na kupanga chumba tumeyazungumza sana. Leo tutoke nje, twende uani. Tuna neno na wale walioanza kufuga karibuni, hasa nyinyi maharusi mliohamia nyumba mpya mkatunzwa au mkanunua tembe wanne watano wa kuanzia. Kila jua likikaribia kuzama tunayaona yaleyale: ufagio wa chelewa mkononi, kanga inaburura, kuku huku, mtu kule, watoto wanarusha mawe juu ya mwembe, na adhana ya Magharibi inaadhiniwa. Mwisho kuku wanalala mtini, mwenye kuku kachoka, na sala imesogea. Asubuhi anahesabu, mmoja hayupo.

Sisi tunasema hivi: tembe asiyeingia bandani si mkaidi. Ama hajajua bado kwamba pale ndipo kwao, ama ameshajua, kaliona banda lenyewe, na kaona halifai. Ufagio hautibu lolote katika hayo mawili. Kinachotibu ni siku saba za kumfungia kwa wema, na banda ambalo kuku mwenye akili zake atakubali kulala.

Wapo watakaosema, kuku tu, maneno yote haya ya nini? Ya pesa, dada. Mayai ni pesa ya mwanamke. Katika sheria yetu mali ya mke ni ya mke, na kwa wengi wetu huku visiwani mali ya kwanza ya mke inayotembea kwa miguu yake ni kuku. Hayo mayai ya kienyeji ndiyo yanayolipa mchezo wa wiki, ndiyo yanayonunua daftari la mtoto bila ya kumsubiri mtu arudi kazini. Na tembe wa kienyeji hula kwako kama miezi sita kabla hajakupa yai la kwanza. Akichukuliwa na ngawa katika mwezi wa tano, basi wewe ulikuwa ukimlea kwa ajili ya ngawa.

Halafu kuna jirani. Kuku wanaolala kwenye mti wa jirani hutaga kwa jirani, na mayai yakianza kupotea, maneno huanza kupatikana. Bibi harusi mwenye miezi miwili mtaani hahitaji kesi ya mayai na mtu wa ukuta mmoja, wala hahitaji mavyaa yake kuitwa aje kusuluhisha.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: tohara. Huku kwetu wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na katika madhehebu hayo kinyesi cha kuku ni najisi. Kuku wakifanya mazoea ya kulala kwenye mpera uliofunika kamba ya nguo, au juu ya ukuta wa baraza unapoanika mswala, utakuwa kila siku unafua shuka ya kusalia. Tunawajua wanaogombana na watoto kwa sababu ya nguo zilizochafuka, kumbe mwenye makosa yuko juu ya tawi anawatazama.

Sasa tumwelewe kuku mwenyewe. Asili yake ni ndege wa misitu ya Asia, na yule aliyebaki msituni mpaka leo hulala juu ya matawi. Kwa hivyo tembe wako akiutazama mwembe jioni hafanyi utundu. Anafanya alichoumbiwa: apande juu, apate tawi la kushika, akae na wenzake, angoje mwanga. Kazi yako si kumvunja tabia hiyo. Kazi yako ni kumpa tawi ndani ya banda.

Jicho lake nalo lina habari. Mchana kuku anaona vizuri sana, lakini giza likiingia anakuwa karibu na kipofu. Ndiyo maana hujipanga mapema, mwanga ungalipo. Hapa kwetu jua linatua baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi mwaka mzima, na giza la visiwani halina subira. Jua likishazama, muda mchache tu usiku umeshaingia. Basi leo saa 12 jioni nenda kwenye banda lako, inama, tia kichwa mlangoni. Kama ndani ni giza totoro na nje bado kweupe, sababu umeshaipata. Unamtaka kiumbe asiyeona gizani aache mwanga aingie kwenye shimo. Hata wewe usingeingia.

Dawa yake ni ndogo. Toboa uwazi upande wa magharibi uutie waya, ili mwanga wa mwisho wa jua uingie ndani. Au tundika kitaa kidogo cha sola ndani ya banda kabla ya jua kutua. Kuku watalifuata lile jepesi. Wakishapanda wote na kutulia, ndipo ukiondoe. Usikizime wakati wengine bado wako chini, kwa sababu watakwama hapohapo sakafuni mpaka asubuhi.

Kisha liko suala la mama. Vifaranga waliolelewa na koo lao hufundishwa. Mwanzo hulala nao chini, wamejificha mbawani. Wakishaota manyoya, jioni moja mama anapanda juu na kuwaita. Wanalia, wanahangaika, wanaruka wanaanguka, mwisho wanapanda. Tembe wa mashine hawakumpata mtu wa kuwaita namna hiyo. Na tembe uliyemnunua sokoni, aliyekuja ndani ya tenga kutoka shamba, yeye alikuwa na pahala pake, amehamishwa. Kwa hesabu yake nyumbani bado ni kule, na hapa kwako ni mwembe tu aliouona jioni ya kwanza.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maharusi msemo huu mmeshaambiwa, wengine mmeambiwa kwa kejeli mbele ya mawifi. Lakini kwa kuku wenyewe una elimu ndani yake: mgeni huzuiwa kidogo mpaka pawe kwake. Tunachokikataa sisi ni ile kamba. Kamba hukata mguu, hujizungusha kwenye shina, na kuku aliyefungwa chini ya mti anajifunza mti, hajifunzi banda. Mfungie bandani.

Siku ngapi? Saba, na jina lake tumeshalitaja hapo juu, fungate. Wapo wanaoelewa kwa siku nne, lakini ukifungua mapema na mmoja akarudi mtini, kesho yake anawavuta wenzake, na kazi inaanza upya. Siku saba kamili, mchana na usiku, wanakula humo, wanakunywa humo, wanaamka humo. Kuku hulala pale alipolala jana. Ukimpa jana saba za mahali pamoja, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Lakini tusifanye mchezo na kufungia. Sote tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Imo katika Bukhari na Muslim. Ukiufunga mlango, riziki ya aliye ndani imekuwa juu yako. Maji yabadilishwe asubuhi na mchana, na siku za jua kali za kaskazi mara tatu. Chakula kiwe cha kutosha wote, si cha aliye mbele. Na pawe pa kutembea: mita moja ya mraba usiweke zaidi ya tembe watatu au wanne kama watashinda humo kutwa. Ukiwa na kizimba kidogo tu cha kulalia, kishonee ua mbele yake kwa fito nne na wavu wa samaki uliochakaa, juu ufunike vilevile, kwa sababu mchana kuna kunguru na mwewe. Wavu wa zamani huombwa tu pwani, haununuliwi.

Katika wiki hiyo wafundishe mlio. Kabla hujawamwagia chakula, gonga kifuu kwa kijiti, mara tatu nne, mlio uleule kila siku, kisha mimina. Machicha ya nazi, ukoko wa wali uliolowekwa, pumba kidogo. (Machicha yasilale bandani, yanachacha upesi na yanaita panya.) Kufika siku ya tano utagonga kifuu na wote watakuja mbio kabla hujatoa kitu. Mlio huo ndio utakaokuokoa na ufagio.

Na usiku wa fungate usiwaache tu ukaenda. Tembe wageni hupenda kurundikana kwenye pembe ya banda, mmoja juu ya mwingine, na joto la huku wa chini anaweza kukosa pumzi. Ingia giza likishakaa, mnyanyue mmoja mmoja kwa mkono chini ya kifua, mweke juu ya fito, ngoja mpaka vidole vishike, ndipo umwachie. Watashuka wengine. Warudishe. Usiku wa tatu au wa nne utaingia ukute wengine wamepanda wenyewe.

Siku ya nane usiwafungulie asubuhi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri ya wiki nzima. Wanafungua saa 1 asubuhi kwa furaha, kuku wanazunguka kutwa, wanashiba kila jalala, na jioni hawana haja na mtu. Wafungulie saa 11 na robo jioni, wakiwa hawajala tangu mchana. Watazunguka karibu tu. Saa 12 gonga kifuu ukiwa ndani ya mlango wa banda, mwaga chakula ndani. Kesho yake fungua saa 10, keshokutwa saa 9. Ukifika wiki ya pili wanashinda nje, na jioni unagonga kwa mazoea tu.

Bado kutakuwa na mmoja wawili watakaorudi juu ya mti. Na hapa ndipo tunapotaka mtuelewe vizuri, kwa sababu wakati wenyewe ni wakati mzito. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba usiku unapoingia tuwazuie watoto ndani, na tufunge milango kwa jina la Mwenyezi Mungu. Maneno yale ni ya watoto na nyumba, hatutaki kuyavuta mpaka kwenye kuku. Tunachosema ni kuwa nyumba wakati ule ina kazi ya kutosha, na Magharibi ndiyo sala yenye wakati mfupi. Mwanamke anayekimbiza kuku adhana inapolia hapati kuku, hapati sala ya mwanzo wa wakati, na watoto wake wako nje pamoja naye.

Basi walioingia, funga kwa Bismillahi. Asiyeingia, mwache. Ingiza watoto, tia udhu, sali Magharibi yako kwa utulivu na nyiradi zako umalize. Ukitoka giza limeshakaa, na kuku gizani ni mtu mwingine kabisa. Yule aliyekuwa akiruka ukuta saa 12 sasa hajui hata uliko. Nenda polepole, usimmulike tochi usoni, mshike kwa mikono miwili mbawa zikiwa zimekusanyika, mpeleke bandani umweke juu ya fito. Juu ya fito, si sakafuni. Ukimtupa chini amejifunza kwamba banda ni pahala pa kutupwa. Fanya hivyo kila usiku bila ya kuruka hata mmoja. Ukimwachia usiku mmoja kwa sababu mvua inanyesha au wageni wamekuja, umempa mti wake tena.

Ikiwa mti ni mrefu hufiki, mwondolee ngazi. Tembe harukii juu ya mwembe moja kwa moja. Anapanda rundo la kuni, kutoka kuni ukuta, kutoka ukuta tawi la chini. Hamisha kuni, kata tawi hilo. Jioni mbili tatu atahangaika chini ya mti, na hapo unagonga kifuu chako.

Mawe hapana, na ufagio hapana. Si kwa huruma tu, ingawa huruma inatosha. Ni kwa sababu kuku anakumbuka. Akifukuzwa kila jioni kuelekea upande wa banda, banda linakuwa ndipo mwisho wa mbio, pahala pa kuogopwa. Kila ukimfukuza leo, kesho atapanda mti mapema zaidi, kabla hujatoka na ufagio wako.

Kuna hoja tunaisikia kila mara, na si hoja ya kudharau: bibi zetu kuku wao walilala mtini, na mayai waliyala. Kweli kabisa. Mti una upepo, hauna harufu, hauna wadudu wa kwenye nyufa. Tunakwenda mbali zaidi, tunasema jambo ambalo muuza mabanda hatakwambia: banda baya ni baya kuliko mwembe. Kuku anayekimbia banda baya anafanya busara.

Ila bibi alikuwa na kuku thelathini, na hakuwa akihesabu waliopotea. Wewe unao watano. Bibi alikuwa na uwanja mpana na majirani wote ni ndugu. Wewe umepanga mtaani, na wezi wa kuku hawalali. Masika ya Machi mpaka Mei mvua inapiga usiku kucha, na tembe aliyelowa hadi alfajiri huamka amejikunyata. Kuna paka shume, kuna ngawa, na huko mashamba ya Unguja kuna chatu. Na liko jambo la kideri. Ugonjwa huo ukiingia mtaani unafagia banda zima kwa siku chache, na kinga yake ni chanjo, ile ya tone moja la jicho inayorudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Kuku wanaolala ndani unawachanja wote usiku mmoja kwa nafasi yako. Walio juu ya miti utawachanja vipi? Mtaalamu wa mifugo hawezi kuja na ngazi.

Kwa hiyo turudi kwenye banda lenyewe, maana ndiko uzito ulipo, na ndiko watu wanakobania pesa.

Bati pande zote nne ni tanuri. Tumeyaona mabanda hayo, mazuri kwa macho, yamepakwa rangi ya buluu, na kuku wote wako nje wamepanua midomo. Hali yetu ya hewa inataka ukuta wa chini uzibwe mpaka kimo cha goti au paja, na juu yake kuwe na fito zilizokaribiana au waya wa matundu madogo, upepo upite. Makuti juu ni bora kuliko bati. Ukiwa na bati tu, tandaza makuti juu yake. Mlango usiutazame kusi, la sivyo mvua ya masika italala ndani pamoja na kuku. Waya uwe wa matundu madogo kweli, kwa sababu ngawa hana haja ya kuingia mwili mzima, anatia mkono. Na mlango uwe na komeo la kufunga, si jiwe la kuegemeza.

Ndani, kitu cha kwanza ni fito za kulalia, na ajabu ndicho kinachosahauliwa. Mtu anajenga banda zuri, ndani sakafu tupu, kisha analalamika kuku wanapenda mti. Fito iwe nene kiasi cha sentimita 4 au 5, laini, isiyo na makali wala isiyozunguka akiikanyaga. Ubao nao unafaa ukisugua pembe zake. Kila kuku ampate nafasi ya sentimita 20 hivi. Iwe mbali kidogo na ukuta ili mkia upate kukaa, na tembe wadogo uwawekee kimo cha nusu mita kwanza na kipande cha ubao cha kupandia. Zisiwe juu ya chombo cha maji. Viota vya kutagia viwe chini kuliko fito, kwa sababu kuku atalala kilipo juu zaidi. Kiota kikiwa juu, atalala kiotani, atakichafua, na mayai utayaosha wewe. Wiki za mwanzo viota vizibe kabisa kwa gunia, tembe bado hana yai la kukitaka.

Harufu usiipime kwa kusimama mlangoni. Inama mpaka kichwa kiwe sawa na fito wanapolala, vuta pumzi. Macho yakiwasha, ndivyo yanavyowasha yao usiku kucha. Tandiko la randa za mbao au makapi ya mpunga libadilishwe, na chini ya fito ufagie kila siku mbili tatu. Mbolea hiyo mchicha wako utaishukuru.

Ukiwa na kuku wakubwa wa zamani, shida ya tembe huenda si banda wala giza. Shida ni shangazi aliyesimama mlangoni. Kuku wana daraja zao, na kwenye mlango mmoja mwembamba mkubwa mmoja anaweza kuwazuia wadogo wanne mpaka giza liwakute nje. Kaa kwa mbali jioni moja utazame tu. Ukiona hivyo, toboa mlango wa pili, au weka fito mbili, moja kila upande wa banda, kwa kimo kimoja. Na tembe wapya waingize usiku, wakubwa wakiwa wameshalala. Asubuhi bado watadonoana, lakini si kama kuwaleta mchana mbele ya macho yao. (Ndoa za kuingia nyumba yenye watu wengi zina mambo hayohayo, nasi tunaishia hapo.)

Kuna wanaokata mbawa. Manyoya marefu ya bawa moja yakikatwa, kuku anakosa mizani na haruki ukuta. Si haramu wala hayaumi yakikatwa pahala pake, lakini hatupendi iwe ndiyo dawa ya kwanza. Tembe asiyejua banda, ukimkata bawa, hatajua banda; atalala chini ya mwembe badala ya juu yake, na huko chini ndiko anakopita ngawa.

Na kuku aliyezoea kulala ndani miezi yote, kisha jioni moja akagoma mlangoni, huyo msikilize haraka. Usiku huohuo ingia na tochi. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito na kwenye nyufa. Kikitoka na vidoa vyekundu, ni utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya damu, na tembe mdogo unaweza kumdhoofisha mpaka akafa. Papasi nao ni vivyo hivyo. Toa kila kinachotoka, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, paka chokaa kuta, choma tandiko la zamani, na fito ama uzibadilishe ama uzipitishe motoni. Majivu makavu na majani ya mwarobaini kwenye viota husaidia, lakini banda lililokwisha kujaa halitengenezeki kwa majani, muulize mtaalamu wa mifugo dawa ya kupulizia. Kama hakuna utitiri, tafuta nyoka, tafuta tundu la panya buku, tafuta nyayo. Kuna kitu kiliingia jana usiku.

Waume wanaocheka mke anapogonga kifuu uani jioni, hao wapeni kazi ya komeo.

Akibaki mmoja tu aliyeshinda yote haya, kila kundi lina wake, mrudishe ndani wiki moja nyingine pamoja na mwenzake mtulivu mmoja, si peke yake. Wengi hunyooka hapo. Asiponyooka, mvumilie mpaka akaribie kutaga, umfungulie viota, umwekee yai la gundi au jiwe jeupe ndani. Tembe anayetafuta pa kutaga huanza kulitazama banda kwa macho mengine. Hayo ni kama ni tembe. Kama ni pora, huyo hatumtetei; Ijumaa iko karibu na mchele umo ndani.